Charles Dow

Charles Henry Dow (6 Novemba 1851 – 4 Desemba 1902) alikuwa mwandishi wa habari kutoka nchini Marekani. Anakumbukwa kama mmojawapo wa waanzilishi wa kampuni ya Dow Jones na gazeti la The Wall Street Journal, na kwa mawazo yake kuhusu namna ya kutambua kama bei za hisa zinapanda au zinashuka.

Maisha

Dow alizaliwa Sterling, katika jimbo la Connecticut, katika familia ya mkulima. Baba yake alifariki Dow akiwa bado mtoto, naye hakupata elimu kubwa ya shule. Alijifunza uandishi kazini, kwenye magazeti ya Springfield na Providence. Mwaka 1879 alitumwa Leadville, Colorado, kuandika habari za migodi ya fedha. Mwaka uliofuata alihamia New York.

Mwaka 1882 alianzisha Dow Jones pamoja na Edward Jones na Charles Bergstresser. Wakati ule makampuni mengi hayakutangaza hesabu zao, na mnunuzi wa kawaida alitegemea uvumi. Matajiri wachache waliweza kupandisha au kushusha bei ya hisa kwa makusudi, na wasio na habari ndio walioumia. Tarehe 8 Julai 1889 kampuni ilitoa toleo la kwanza la The Wall Street Journal, lililouzwa kwa senti 2.

Fahirisi

Bei ya hisa moja haionyeshi hali ya soko zima. Kwa hiyo mwaka 1884 Dow alianza kukokotoa wastani wa bei za hisa 11, nyingi zikiwa za makampuni ya reli. Tarehe 26 Mei 1896 alitangaza wastani wa viwanda: alijumlisha bei za hisa za makampuni 12, yakiwemo ya sukari, tumbaku, gesi na mpira, akagawanya kwa 12. Jibu lilikuwa 40.94. Agosti mwaka uleule wastani huo ulishuka hadi 28.48.

Nadharia ya Dow

Katika makala zake za miaka 1899–1902, Dow alieleza kwamba soko lina miendo mitatu kwa pamoja: mwendo mkuu wa miaka, mwendo wa kati wa wiki kadhaa, na mabadiliko ya kila siku. Aliulinganisha mwendo mkuu na maji ya bahari kujaa na kupwa: wimbi moja halitoshi kuonyesha maji yanakwenda wapi, ila huonekana mawimbi yanapofika mbali zaidi, au yanaposhindwa kufika yalipofika mwanzo.

Vivyo hivyo, kilele kinachozidi kilele kilichotangulia, na bonde lililo juu ya bonde lililotangulia, ni dalili ya kupanda. Kinyume chake ni dalili ya kushuka. Aidha, wastani wa viwanda na wa reli unapaswa kukubaliana, kwa kuwa bidhaa zinazotengenezwa lazima zisafirishwe.

Kifo na urithi

Dow aliuza hisa zake katika kampuni mwaka 1902, akafariki Brooklyn mwaka huohuo akiwa na umri wa miaka 51. Hakuandika kitabu juu ya nadharia hiyo. Ilipangwa na waandishi waliomfuata, hasa Samuel Nelson, William Peter Hamilton na Robert Rhea. Wataalamu bado wanabishana kuhusu uwezo wake wa kutabiri, kwa sababu mwelekeo huthibitika baada ya bei kwisha kusogea. Fahirisi yake ya viwanda, ambayo sasa ina makampuni 30, ingali ikitangazwa kila siku ya soko.