Nahodha Amundsen na Merikebu Yake Ndogo

Sisi tukaao Goma twawaona kila jioni wavuvi wa sambaza wakishuka ziwani Kivu na taa zao. Mvuvi mwenye akili haingii mtumbwini kabla hajautazama vizuri: je, wavuja? Kafi zipo? Mafuta ya taa yatatosha hata asubuhi? Maana akiisha kufika katikati ya ziwa, hakuna duka wala jirani. Leo nataka kuwasimulia habari za mtu aliyejitayarisha miaka mingi kwa safari moja ya baharini. Jina lake ni Roald Amundsen.

Mtu huyo alizaliwa tarehe 16 Julai 1872 huko Borge, katika nchi ya Norwei, upande wa kaskazini wa Ulaya. Jamaa zake walikuwa watu wa merikebu. Baba yake alikufa mwaka 1886, na mama yake akataka sana mwanawe awe mganga. Lakini kijana alikuwa amesoma kitabu cha habari za Bwana John Franklin, nahodha Mwingereza. Franklin alisafiri mwaka 1845 na merikebu mbili kubwa na watu 129, akitafuta njia ya bahari ipitayo juu ya nchi ya Kanada, kutoka upande wa Ulaya mpaka upande wa Asia. Barafu ikawafunga, wakafa wote. Watoto wengine wangaliogopa kwa kusoma habari hizo. Roald alitamani kwenda kulekule.

Labda mwauliza: barafu ifungayo merikebu ni kitu gani? Wale waliofika upande wa Beni wamekiona kilele cha Rwenzori kikiwa cheupe. Ule weupe ni maji yaliyogandamana kwa baridi, magumu kama jiwe. Basi, fikirini Ziwa Kivu zima limegandamana hivyo, toka Goma hata Bukavu, na mtumbwi wenu umeshikwa katikati. Ndivyo ilivyo Bahari ya Aktiki wakati wa baridi. Tena katika miezi fulani jua halichomozi kabisa.

Roald akaanza kujizoeza tangu ujana wake. Wakati wa baridi alilala madirisha wazi, mwili wake upate kuzoea. Kwa kumtii mama yake aliingia shule ya uganga; lakini mama alipofariki mwaka 1893, aliiacha shule hiyo, akaingia kazi ya baharini. Naye alikuwa na sababu. Alikuwa amesoma habari za safari nyingi za zamani, akaona kosa moja lililorudi mara nyingi: mkuu wa safari hakuwa nahodha, na nahodha hakuwa mkuu. Hivyo chombo kimoja kikawa na wakubwa wawili, na mabaharia wakagawanyika. Ndipo akakata shauri kuupata unahodha kwanza, ili neno liwe moja. Mwaka 1894 akafanya kazi ya baharia wa kawaida katika merikebu ya wawindaji wa sili, wale wanyama wa bahari ya baridi.

Mwaka 1897 akaandikwa katika merikebu ya Wabelgiji iitwayo Belgica, ya nahodha Adrien de Gerlache. Iling'oa nanga Antwerp, mji uleule ambao meli za Matadi zilikuwa zikitoka. Ikaenda kusini mwa dunia, na barafu ikaishika zaidi ya mwaka mzima. Watu wakapatwa na kiseyeye, ugonjwa uwapatao wale wanaokula siku zote vyakula vya makopo pasipo kitu kibichi. Mganga wa merikebu, Frederick Cook, akawaambia wale nyama mbichi ya sili na ya pengwini, ndege wa huko asiyeruka. Wengine walichukizwa na harufu yake, lakini walioila walipona. Amundsen akayatia hayo moyoni.

Aliporudi, alijifunza ufundi wa kupima nguvu ya sumaku ivutayo sindano ya dira, kwa sababu alitaka safari yake ilete elimu pia, si sifa tu. Kisha mwaka 1901 akanunua merikebu iitwayo Gjøa. Ilikuwa kuukuu, imejengwa mwaka 1872, umri sawa na wake. Tena ilikuwa ndogo: tani 47, urefu wa mita 21 hivi. Watu wengi wangaliona ni upumbavu. Kama merikebu kubwa za Franklin zilishindwa, itakuwaje kidude hiki?

Lakini Amundsen alikuwa amefikiri. Merikebu kubwa yataka maji marefu, na njia ile ina miamba na maji mafupi. Watu mia wataka chakula kingi kuliko nchi ile iwezavyo kutoa, lakini watu saba waweza kuishi kwa kuwinda. Basi akaijaribu Gjøa baharini mwaka uleule, akaitia nguvu kwa mbao ngumu na vyuma mbele, akatia na injini ndogo ya nguvu za farasi 13. Akachagua wenzi sita, kila mmoja na kazi yake, miongoni mwao Helmer Hanssen, Anton Lund, Peder Ristvedt na mpishi Adolf Lindstrøm. Vyakula vya miaka mitano vikapangwa ndani, sanduku juu ya sanduku, hata pasibaki nafasi ya mkono.

Hapa sharti niseme pia aibu yake. Fedha hazikutosha, naye akakopa. Mdai mmoja akataka alipwe upesi, la sivyo merikebu itakamatwa. Amundsen hakungoja. Usiku wa tarehe 16 Juni 1903, mvua ikinyesha sana, akafungua kamba akaondoka kimya. Ndugu, msimwige katika jambo hilo. Miaka yote ya safari alilichukua deni lake, naye alilipa aliporudi. Yeye aliyehesabu kila sanduku hakuzihesabu vema fedha zake.

Njiani, matayarisho yakapimwa. Siku moja Ristvedt aliona tangi moja la mafuta linavuja. Aliambiwa alishughulikie, naye hakusema kesho. Alilimwaga tupu mara moja. Baada ya siku chache moto ukawaka katika chumba cha injini, katikati ya mafuta yote. Walipokwisha kuuzima kwa shida, waliona bilula ya tangi lile imeng'oka. Kama lingalikuwa bado limejaa, mafuta yake yangalimwagika motoni, na habari zao zingaliishia hapo.

Kisha Gjøa ikapanda juu ya mwamba, na tufani ikaipiga. Amundsen alifikiri kuiacha. Lakini Lund akashauri watupe baharini masanduku mazito yaliyobaki juu. Wakayatupa, merikebu ikawa nyepesi, upepo ukaivusha. Nahodha alikubali neno la mtu aliye chini yake, na wote wakaokoka.

Mwezi wa Septemba 1903 wakatia nanga katika ghuba nzuri, wakakaa karibu miaka miwili wakipima sumaku. Wenyeji wa huko, Wainuit wa kabila la Netsilik, wakawatembelea. Wazungu wengi kabla yao waliwadharau watu hao, wakafa kwa baridi na njaa mahali ambapo wenyeji hulea watoto. Amundsen akawa mwanafunzi wao. Alijifunza kuvaa ngozi kwa namna yao, kujenga nyumba ya theluji, na kuendesha mbwa wavutao mizigo.

Tarehe 13 Agosti 1905 wakaendelea magharibi. Walikwenda polepole, wakitupa bildi, ile risasi ya kupimia kina; mara nyingine maji chini ya mkuku yalikuwa machache mno. Merikebu kubwa isingalipita kamwe. Nahodha hakuweza kula wala kulala kwa wasiwasi. Tarehe 26 Agosti wakaona tanga mbele yao: merikebu ya wawindaji wa nyangumi, iliyotoka San Francisco upande wa pili. Njia imepatikana! Barafu ikawashika mara ya tatu, na mwenzao Gustav Wiik akafa mwezi wa Machi 1906. Waliobaki wakafika Nome, nchi ya Alaska, tarehe 31 Agosti 1906.

Baadaye, tarehe 14 Desemba 1911, Amundsen na wenzake wanne walikuwa watu wa kwanza kufika kwenye ncha ya kusini ya dunia. Na mwaka 1928, iliposikiwa kwamba chombo cha angani cha Mwitalia Umberto Nobile kimeanguka barafuni, Amundsen alikwenda kumtafuta, ingawa walikuwa wamekosana. Tarehe 18 Juni aliondoka kwa ndege, wala hakuonekana tena. Nobile aliokolewa na wengine. Gjøa yenyewe ingali yatunzwa Oslo.

Wako kati yetu wanaonung'unika wakisema: mbona mafundisho ni marefu hivi, mwaka baada ya mwaka? Mfikirieni nahodha huyu. Alipita njia ile kwa miaka mitatu, lakini alianza kujitayarisha tangu utoto. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi, atakayesafiri kesho alitazame leo tangi lake, kama lavuja.