Alexis Carrel: Fundi wa Kushona Mishipa Aliyehama Kwao

Wengi wetu, tulio ughaibuni na walio nyumbani, tunaye mzee au jirani anayesafishwa damu kwa mashine kwa sababu ya figo, na baadhi yao wamewekewa mshipa wa bandia mkononi. Baada ya upasuaji mkono huvimba na kupata joto, na jamaa huanza kuulizana kulikoni. Leo tumeona tumtazame mtu aliyefungua njia ya tiba hiyo, Mfaransa Alexis Carrel. Maisha yake yana funzo la tiba, na funzo la siasa pia.

Carrel alizaliwa tarehe 28 Juni, 1873 karibu na mji wa Lyon. Baba yake alifariki yeye angali mdogo. Mwezi Juni 1894, akiwa mwanafunzi wa udaktari, Rais wa Ufaransa Sadi Carnot alichomwa kisu mjini humo humo. Mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini ulikatwa. Madaktari walikuwapo, lakini wakati ule hapakuwa na njia ya kuaminika ya kuushona mshipa kama ule, na Rais akafa.

Kijana Carrel hakuridhika. Alikwenda kwa mwanamke fundi wa kutarizi, Madame Leroudier, akajifunza kushika sindano nyembamba na uzi wa hariri uliopakwa vaselini. Akagundua kwamba ukivuta ukingo wa mshipa kwa nyuzi tatu, duara linakuwa pembetatu, na pembetatu ni rahisi kushona. Mwaka 1902 aliitangaza njia hiyo.

Lakini nabii hakubaliki kwao. Baada ya kueleza kwamba alimwona mgonjwa akipona ghafla huko Lourdes, wakubwa wa udaktari mjini Lyon walimpa mgongo, na cheo cha upasuaji alichokitaka hakukipata. Mwaka 1904 alifunga virago, akaenda Canada, kisha Chicago, na mwaka 1906 akapokewa na taasisi ya Rockefeller mjini New York. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka 1912 alipata Tuzo ya Nobel ya tiba, wa kwanza kuipata akifanya kazi Marekani.

Hapo ndipo Carrel alipogonga mwamba. Aliweza kumtoa mbwa figo na kumrudishia figo yake mwenyewe, ikafanya kazi. Alipomtia figo ya mbwa mwingine, iliharibika baada ya muda. Alijaribu pia kutia mirija ya kioo na ya aluminiamu katika mshipa mkubwa utokao moyoni, na damu ikawa inaganda humo. Alielewa kwamba kushona ameweza, ila mwili una ulinzi wake, nao unamjua mgeni.

Mishipa ya kitambaa ilikuja baada yake. Mwaka 1952 Arthur Voorhees na wenzake mjini New York walitangaza mishipa ya namna hiyo, na baadaye ikaja ya Dakroni na ya plastiki. Hata hiyo mwili huipokea kwa mashaka. Chembe nyeupe za damu huizingira zikijaribu kuila, zikishindwa huungana na kuwa chembe kubwa, na nyama ya kovu huota kuizunguka. Wengine hupata homa siku za mwanzo bila ya kuwa na vijidudu. Kovu likizidi pale penye mshono, njia ya damu huwa nyembamba na mwishowe huziba. Lakini vijidudu navyo huweza kuingia, na hiyo ni hatari kubwa. Kwa hivyo homa, usaha au uvimbe unaoongezeka si jambo la kusubiri. Mgonjwa apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Tungependa kuishia hapo, lakini haki haituruhusu. Mwaka 1935 Carrel alitoa kitabu kilichopendwa sana, na ndani yake alipendekeza baadhi ya wahalifu wauawe kwa gesi. Mwaka 1941 alirudi Ufaransa, nchi ikiwa chini ya Wajerumani, na serikali ya Vichy ikampa taasisi aiongoze. Paris ilipokombolewa mwaka 1944 alisimamishwa kazi na kutuhumiwa kushirikiana na adui. Alifariki tarehe 5 Novemba mwaka huo huo kabla ya kufikishwa mahakamani. Katika miaka ya 1990 jina lake lilianza kufutwa katika mitaa ya Ufaransa, na chuo cha udaktari cha Lyon kikaliondoa.

Sisi tulioihama nchi tunamwelewa Carrel alipoondoka, kwani tunajua uchungu wa kukataliwa nyumbani. Ila alirudi na kuwatumikia wakubwa waliokuwa wakiwagawa raia, huyu mwenzetu na yule mgeni asiyestahili kuishi. Mwili humkataa mgeni kwa kuwa hauna akili ya kuchagua. Binadamu anayo, na Carrel alikuwa nayo kuliko wengi. Mshono wake tutaendelea kuutumia na kuushukuru. Fikra zake zile tunazikataa.