Philip Henry Gosse, Aliyetengeneza Bahari Chumbani

Sisi tukaao bara, mbali na pwani, hudhani kwamba maji ya bahari ni maji matamu yaliyotiwa chumvi, na ya kuwa mtu mwenye kopo la chumvi jikoni aweza kuyatengeneza apendapo. Sivyo hata kidogo. Leo twapenda kuwasimulia askari wenzetu wa jeshi na wa polisi maisha ya Mwingereza mmoja, Bwana Philip Henry Gosse, aliyekuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuyatengeneza maji hayo kwa mizani, akawafuga ndani yake viumbe wa bahari katikati ya jiji la London.

Bwana Gosse alizaliwa mwaka 1810 katika mji wa Worcester. Baba yake alikuwa mchoraji wa picha ndogo ndogo za watu, akizunguka mji hata mji kutafuta riziki, na mtoto alilelewa katika bandari ya Poole. Mwaka 1827, akiwa kijana wa miaka 17, alipelekwa ng'ambo katika kisiwa cha Newfoundland kuwa karani wa wafanyabiashara. Huko alianza kuchunguza wadudu kwa bidii isiyokuwa na mwalimu. Baadaye alijaribu kulima Kanada, asifaulu. Akafundisha shule Alabama, Marekani, mwaka 1838. Akakaa Jamaika tangu 1844 hata 1846 akiwakusanya ndege. Kwa kifupi, hakuwa mtu wa chuo kikuu. Elimu yake aliipata kwa macho yake na kwa daftari.

Mwaka 1852 afya yake ilidhoofika, akahamia pwani ya Devon pamoja na mkewe Emily na mtoto wao mdogo Edmund. Alikuwa akishuka kwenye miamba maji yapwapo, akichukua anemoni, kaa, uduvi na mwani, na kuwaweka katika vyombo vya kioo. Alikuwa ameshika kanuni ambayo mkemia Robert Warington naye aliishughulikia: mwani huyapa maji hewa ambayo wanyama huivuta, na wanyama nao huulisha mwani. Mwezi Mei 1853 nyumba ya samaki ilifunguliwa katika bustani ya wanyama ya London, na wengi wa viumbe wake walipelekwa na Bwana Gosse.

Lakini palikuwa na taabu moja. Maji ya bahari yalipaswa kusafirishwa kutoka pwani katika vyombo, kwa gharama na uchelewevu. Basi mwezi Aprili 1854 Bwana Gosse aliishika hesabu ya mkemia Schweitzer, aliyekuwa ameyapima maji ya bahari mbele ya mji wa Brighton. Katika sehemu 1,000 za maji yale mlikuwa na sehemu 27 za chumvi ya mezani, kasoro ya 4 za kloraidi ya magnesiamu, 2 na zaidi za haluli, ile chumvi chungu ya kulegeza tumbo, na kiasi kidogo cha kloraidi ya potasiamu. Akapima wakia tatu na nusu za chumvi ya mezani, yaani gramu 99 hivi. Robo wakia ya haluli. Gramu 13 za kloraidi ya magnesiamu. Na gramu 2.6 za kloraidi ya potasiamu. Akaviyeyusha katika maji matamu yasiyotimia lita 4 na nusu. Hakuwatia wanyama mara moja: alitanguliza mwani ili maji yazoee uhai, kisha ndipo alipowaingiza. Wakaishi. Mwaka huo huo aliitangaza hesabu yake pamoja na kitabu juu ya matangi hayo, na ni kitabu hicho kilicholieneza jina la akwariamu duniani.

Hapa hatuna budi kusema kosa lake, maana twamheshimu. Katika hesabu ya Schweitzer mlikuwa pia na jasi, ambayo ni chumvi ya chokaa, sehemu 1.4 katika 1,000. Bwana Gosse aliiacha, ilhali potasiamu aliyoitia ilikuwa pungufu ya hiyo. Maji ya London yana chokaa yenyewe, na anemoni hana mfupa wala gamba, kwa hiyo upungufu ule ulifichika. Matumbawe na konokono wasingeweza kustahimili hivyo kwa muda mrefu, kwa kuwa hujenga miili yao kwa kalsiamu wanayoinyonya majini. Afugaye matumbawe nyumbani siku hizi huangalia kalsiamu isishuke sana chini ya miligramu 400 katika lita moja, na magnesiamu iwe kiasi cha 1,300. Magnesiamu ikipungua, kalsiamu haikai. Hugeuka unga mweupe na kushika kwenye vyombo, na mwenye tangi akiongeza nyingine kwa pupa hupoteza zote mbili.

Jambo jingine mpishi yeyote wa kambi analijua: mchuzi ukiachwa motoni chumvi huzidi, ingawa hakuna aliyeongeza. Ndivyo tangi lilivyo. Maji hupaa na chumvi hubaki, kwa hiyo kilichopungua hujazwa kwa maji matamu, si kwa maji ya chumvi. Wengi wameua samaki wao hapo.

Mwaka 1856 Bwana Gosse aliingizwa katika Chama cha Kifalme cha wataalamu wa London. Mwaka uliofuata mkewe alifariki kwa saratani, na kitabu chake juu ya umri wa dunia kikakataliwa na wataalamu na watu wa dini pia. Akarudi Devon, akakaa huko hata alipofariki mwaka 1888.

Alichokikuta pwani kilimtia uchungu. Vitabu vyake vilikuwa vimewatia watu wazimu wa matangi. Maji waliweza kuyatengeneza majumbani; anemoni hawakuweza, nao walikuja na patasi na ndoo, wakakwangua miamba kiangazi baada ya kiangazi. Mwanawe Edmund aliandika mwaka 1907 kwamba vidimbwi vile alivyovijua utotoni, vilivyojaa rangi, vilikuwa vimekwisha kuwa vitupu, na kwamba baba yake alijua nani aliyewaonyesha watu njia.