Thomas Mofolo, Mtunzi wa Wasotho

Kusini mwa Afrika iko nchi ndogo yenye milima mirefu, iliyozungukwa pande zote na nchi ya Afrika Kusini. Zamani iliitwa Basutoland, na siku hizi jina lake ni Lesotho. Wenyeji wake ni Wasotho. Katika nchi hiyo, kijijini Khojane, alizaliwa Thomas Mofolo tarehe 22 Desemba, mwaka 1876. Wazazi wake walikuwa Wakristo, wakamlea katika dini yao. Alipokuwa mtoto alifundishwa na mwalimu Mwafrika, Everitt Segoete, ambaye baadaye naye alitunga vitabu.

Thomas alipokuwa kijana akaenda Morija. Wamisionari Wafaransa walifika mahali hapo mwaka 1833, wakajenga kanisa na shule, na baadaye kiwanda cha chapa na duka la vitabu. Tena tangu mwaka 1863 walikuwa wakitoa gazeti la Kisotho, jina lake Leselinyana la Lesotho, maana yake Nuru Ndogo ya Lesotho. Thomas alitumika kwanza nyumbani mwa Padre Alfred Casalis, naye Padre akamtia shuleni. Akajifunza kwa bidii hata akapata cheti cha ualimu, akapewa kazi katika duka la vitabu la misioni.

Mwaka 1899 Waingereza na Makaburu wakaanza kupigana, na kazi ya chapa ikazuilika. Mofolo hakukaa bure. Alikwenda Leloaleng akajifunza useremala, kisha akafundisha watoto katika shule mbalimbali. Baadaye akarudi Morija, akawa karani wa Padre Casalis na msahihishaji wa chapa.

Kazi ya msahihishaji yataka uvumilivu mwingi. Siku zile herufi za risasi zilipangwa na kutiwa wino, na karatasi ya kwanza ya kujaribia hupelekwa kwa msahihishaji. Yeye huilinganisha na maandiko ya mtunzi, neno kwa neno, hata makosa yote yaonekane. Hivyo Mofolo alisoma kila siku maneno ya watu wengine, akazijua vema njia za lugha yake.

Wakati huo vitabu vya Kisotho vilikuwa hasa vya dini na vya shule. Hadithi ndefu iliyotungwa na Msotho mwenyewe haikuwapo bado. Wamisionari wakamtia moyo Mofolo aandike. Akatunga habari za kijana aitwaye Fekisi, aliyechukizwa na uovu wa watu wake, akaondoka peke yake kumtafuta Mungu upande wa mashariki. Hadithi hiyo ilitokea kidogo kidogo katika gazeti mwaka 1906, na mwaka 1907 ikapigwa chapa kuwa kitabu, jina lake Moeti oa Bochabela, yaani Msafiri wa Mashariki. Mwaka 1910 kikatoka kitabu chake cha pili, Pitseng, chenye habari za mwalimu mwema na wanafunzi wake, na za uchumba na ndoa.

Kabla ya hapo Mofolo alikuwa amekwisha kuanza kazi kubwa kupita hizo. Alisafiri mpaka Natal, akasikiliza habari za Chaka, mfalme mkuu wa Wazulu. Kisha akatunga hadithi yake: jinsi alivyodharauliwa na kuteswa utotoni, jinsi alivyokutana na mganga aliyemwahidi enzi, na jinsi alivyoipata enzi hiyo kwa kumwaga damu, hata ya msichana aliyempenda. Mwisho wake aliuawa na ndugu zake mwenyewe.

Yapata mwaka 1910 Mofolo aliyatia maandiko yake mikononi mwa wamisionari. Wakayasoma, wala hawakupatana. Wengine waliyasifu sana. Wengine waliogopa kwamba habari za uganga na desturi za zamani zingewarudisha wasomaji nyuma katika mambo waliyoyaacha. Basi kitabu kikawekwa. Mwaka ukapita, na wa pili, hata ikatimia miaka kama 15.

Wakati maandiko yake yalipokuwa yakingoja, Mofolo aliondoka Morija. Akafanya kazi ya kuandika watu waendao kuchimba migodi, kisha akashika biashara. Hakutoa tena hadithi nyingine.

Hatimaye, mwaka 1925, Chaka kikapigwa chapa pale pale Morija. Sasa watu wa mbali wakaanza kukisikia. Mwaka 1931 kilitoka kwa Kiingereza, na mwaka 1940 kwa Kifaransa, nacho kikahesabiwa kuwa miongoni mwa vitabu bora vya Afrika.

Lakini sifa hizo hazikumwondolea mtunzi taabu za dunia. Alikuwa amenunua shamba katika Afrika Kusini, akalipoteza, kwa kuwa sheria ya mwaka 1913 iliwazuia Waafrika kununua ardhi katika sehemu nyingi za nchi hiyo. Umaskini ukamshika, na mwaka 1941 akapatwa na ugonjwa wa kupooza. Akafa Teyateyaneng tarehe 8 Septemba, mwaka 1948.

Mofolo aliandika kwa lugha ya mama yake, lugha ya watu wachache, akaifanyia kazi kwa uangalifu ule ule aliotumia kusahihisha kazi za wengine. Wale waliokiogopa kitabu chake wamekwisha kufa, naye mwenyewe amekwisha kufa, lakini Chaka chasomwa hata leo. Na wanafunzi wa chuo kikuu cha Lesotho, waingiapo katika maktaba yao, hulikuta jina lake, kwa maana maktaba hiyo yaitwa Maktaba ya Thomas Mofolo.