Elizabeth Ryan

Soma kifungu hiki, kisha ubainishe vitenzi vilivyo katika kauli ya kutendana.

Elizabeth Ryan alizaliwa California, Marekani, mwaka 1892, akaishi miaka mingi Uingereza. Sifa yake ilitokana na tenisi ya wawili wawili. Alikuwa hodari wa kuusogelea wavu na kuupiga mpira kabla haujadunda. Yeye na Suzanne Lenglen wa Ufaransa walielewana mno uwanjani, wakashirikiana kutwaa ubingwa wa Wimbledon mara 6. Walipopambana wao kwa wao katika fainali ya mwaka 1921, Lenglen alishinda. Ryan alifika tena fainali hiyo mwaka 1930, akashindwa. Taji la Wimbledon la mchezaji mmoja mmoja hakulipata kamwe. Hata hivyo, kati ya mwaka 1914 na 1934 alijipatia Wimbledon mataji 19: 12 ya wanawake wawili wawili, na 7 ya mwanamke na mwanamume. Kisha akawa mwalimu wa tenisi.

Mwaka 1975 Billie Jean King aliifikia idadi hiyo. Tarehe 6 Julai 1979 Ryan alianguka katika viwanja vya Wimbledon, akafariki dunia. Kesho yake King alitwaa taji la 20.