MAISHA YA TOM MBOYA, MWANA WA RUSINGA

Likizo ya Desemba iliyopita sikukaa hapa Nyamira kuchuma majani chai kama kawaida. Mama alinituma kwao Rusinga nikamsaidie mjomba kutengeneza mashua ya marehemu babu. Nilipanda matatu Kisii, nikapitia Rongo na Homa Bay hadi Mbita, kisha nikavuka daraja na kuingia kisiwani.

Mashua hiyo ndiyo iliyomlipia mama karo, lakini ilikuwa imelala ufuoni miaka mingi, mbao zimeoza. Tuling'oa mbovu, tukapigilia mpya na kuziba nyufa kwa pamba. Binamu zangu walinicheka kwa sababu sikuweza kumwamkia nyanya kwa Kijaluo. Niliona haya sana! Kazi ilipokaribia kwisha, mjomba alichukua rangi akaandika jina la Mboya ubavuni. Nikamuuliza mbona asiandike la babu. Hakunijibu. Alinipeleka kwenye kaburi la Mboya, lililojengewa jumba lenye umbo la risasi, akanisimulia. Mengine nimejisomea maktabani.

Thomas Joseph Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930, lakini si Rusinga. Alizaliwa Kilima Mbogo karibu na Thika, katika shamba la mkonge ambamo babake, Leonard Ndiege, alikuwa msimamizi. Kumbe hata yeye alilelewa mbali na ziwa, akisema Kikamba na Kiswahili! Wazazi wake walikuwa watu wa Rusinga, kisiwa cha Wasuba. Wazee husimulia kwamba mababu wa Wasuba walivuka ziwa kwa mitumbwi kutoka upande wa Uganda. Baadaye wengi wao walichukua lugha ya Kijaluo.

Mboya alisoma Yala, kisha Mang'u. Alikuwa hodari, ila pesa za kuendelea zilikosekana. Hakukata tamaa. Alisomea ukaguzi wa afya, akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Huko aliona Mwafrika akilipwa kidogo kuliko Mzungu kwa kazi ile ile. Basi akajitosa katika vyama vya wafanyakazi, na mwaka wa 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho lao nchini. Mwaka wa 1957 alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Desemba 1958, akiwa na umri wa miaka 28 tu, aliongoza mkutano wa watu wa Afrika nzima mjini Accra.

Jambo ninalolipenda zaidi ni lile la ndege. Yeye aliyekosa karo alikwenda Marekani kuwaombea wenzake masomo. Septemba 1959 ndege iliondoka Nairobi na wanafunzi 81, na mamia wakafuata. Mmoja wa waliokwenda mwaka wa 1960 ni Wangari Maathai. Mababu zake walivuka ziwa kwa mitumbwi. Yeye akawavusha wenzake bahari.

Baada ya uhuru alikuwa waziri wa sheria, kisha wa mipango ya uchumi. Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, akitoka duka la dawa jijini Nairobi, alipigwa risasi akafa. Alikuwa na miaka 38. Nchi nzima ilishikwa na huzuni. Mwili wake ulirudishwa Rusinga, ukazikwa katika ardhi ya jamaa zake.

Hapo nikamwelewa mjomba. Mtu aweza kuzaliwa mbali, lakini kwao ni kwao. Siku tuliposhusha mashua majini haikuvuja hata tone. Mimi nami nilimwamkia nyanya kwa Kijaluo, nikakosea, akacheka hadi machozi yakamtoka, kisha akanifundisha upya.

Wanachama wenzangu, wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Tusome kwa bidii kama Mboya, na tukipata tusiwasahau waliokosa karo. Likizo ijayo nitarudi Rusinga. Safari hii hawatanicheka!