Siti binti Saad: Mwimbaji Aliyekubali Kufundishwa



Kamati ya kitabu hiki ilipogawa kurasa, sisi tulipewa ukurasa wa mtu mmoja: mwimbaji wa zamani ambaye maisha yake yanaweza kumfaa mwanakwaya. Watunzi wa Ulaya walitajwa, na tunawaheshimu, maana kazi zao tunaziimba kila Krismasi na Pasaka. Lakini tukaona tutafute karibu na nyumbani, mtu wa lugha yetu na wa pwani yetu ya Afrika Mashariki.

Tukamchagua Siti binti Saad wa Zanzibar. Alikuwa Mwislamu na aliimba taarab, kwa hiyo msitafute nyimbo zake katika ratiba ya leo. Tunamweka hapa kwa ajili ya namna alivyojifunza. Kwaya yetu inatimiza miaka 25 hapa Satellite, na kuna jambo kuhusu mazoezi ambalo lazima tujiulize kabla keki haijakatwa.

Binti wa mfinyanzi

Alizaliwa karibu mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja. Wazazi wake walikuwa maskini, nao walimpa jina la Mtumwa. Kwa wakati ule jina hilo halikumshangaza mtu. Soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa limefungwa mwaka 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Anglikana palepale sokoni, Mkunazini, kanisa ambalo bado limesimama hadi leo. Lakini kufungwa kwa soko hakukumaliza utumwa. Sheria ya kuufuta ilikuja mwaka 1897, binti huyu akiwa tayari na umri wa miaka 17 hivi. Jina la Siti, ambalo ni la bibi wa heshima, alilipata baadaye, sauti yake ilipokwisha kumfungulia njia.

Hakusoma shule. Kazi yake ilikuwa kufinyanga vyungu, aliyojifunza kwa mama yake. Vyungu vilipokuwa tayari, alivichukua na kuvitembeza mjini akiita wateja. Aliyewahi kufika Mji Mkongwe anajua vile vichochoro vyembamba na nyumba ndefu za mawe. Mnunuzi yuko ghorofani, nyuma ya dirisha, na muuzaji yuko chini na mzigo kichwani. Sauti isipofika juu, chungu hakiuziki. Basi akajifunza kuitoa sauti bila kupiga kelele, na kuifanya idumu kutwa nzima bila kukauka. Watu wakawa wanamtambua kwa sauti kabla hawajamwona.

Nasi tunaopita Naivasha Road kila siku tunawajua akina mama wa mboga ambao sauti zao zinapenya kelele za matatu na bodaboda. Hakuna aliyewapeleka chuo cha muziki. Barabara yenyewe imewafundisha, maana asiyesikika anarudi nyumbani na mzigo wake.

Mwanafunzi wa miaka thelathini

Mwaka 1911 alihamia mjini. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, na sauti yake watu walikuwa wameshaisifu. Hapa ndipo tunapoomba msomaji asimame kidogo. Mtu aliyesifiwa huona amefika. Yeye alipofika mjini alikaa chini kama mwanafunzi.

Taarab wakati huo haikuwa muziki wa mtu kama yeye. Ilikuwa imeingia Zanzibar kwa mlango wa jumba la kifalme, siku za Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888 na ambaye alipenda muziki wa Misri. Mwaka 1905 ikaanzishwa klabu ya Ikhwani Safaa, na wapigaji wake walikuwa wanaume. Nyimbo zilikuwa za Kiarabu. Mwanamke maskini kutoka shamba, asiyejua kusoma, alikuwa mbali sana na mduara huo.

Aliyemfungulia mlango ni Ali Muhsin, mwanamuziki wa klabu hiyo, ambaye alikubali kumfundisha. Hebu tufikirie kazi iliyokuwa mbele ya mwanafunzi huyu. Lugha ya nyimbo si yake. Daftari halimsaidii, kwa kuwa hasomi. Kila ubeti lazima uingie kwa sikio na ukae kichwani. Kuna herufi za Kiarabu zinazotoka ndani kabisa ya koo, na mtu aliyekulia Kiswahili akizitamka ovyo, neno linageuka kuwa neno lingine. Njia ni moja tu: kusikiliza mstari, kuurudia, kusahihishwa, kuurudia tena mpaka mwalimu anyamaze.

Alijifunza pia kusoma Kurani kwa sauti, na usomaji huo una kanuni kali. Kila herufi ina mahali pake pa kutokea mdomoni, kila irabu ina urefu wake, na pumzi haivutwi popote mtu anapotaka. Mwanakwaya yeyote ataona faida yake. Ni mara ngapi mwalimu wetu ametusimamisha kwa sababu nusu ya sauti ya kwanza wamevuta pumzi katikati ya neno? Siti alipitia shule ya namna hiyo, na heshima aliyoipata mbele ya wajuzi wa Kiarabu ilitokana na matamshi yake kama ilivyotokana na utamu wa sauti.

Aliponenewa vibaya

Jina lilipokua, maneno nayo yalikua. Wapo waliomtungia wimbo wa kumkejeli kwa sura yake na kwa kaniki aliyokuja nayo mjini, kana kwamba nje ya sauti hakuwa na kitu. Hakugombana nao barabarani. Alijibu kwa wimbo, akaeleza kwamba mtu hupimwa kwa akili yake, sura na ukoo haviwezi kumwokoa mjinga. Jibu hilo limeishi kuliko kejeli yenyewe.

Alifanya kazi na kundi la wapigaji na watunzi, miongoni mwao Subeit bin Ambar na Mbaruk Talsam. Nyumbani kwake Ng'ambo, upande wa mji walikoishi watu wa kawaida, walikutana jioni kuimba. Huko ndiko taarab ilikobadilika. Kutoka Kiarabu cha wachache, akaileta kwenye Kiswahili cha wengi, na mambo ya mji yakawa nyimbo. Wimbo wake wa Kijiti, kwa mfano, unaeleza kisa cha kweli cha mwanamke aliyeuawa, muuaji akatoroka. Wanyonge waliokosa pa kusemea walisikia habari zao zikiimbwa.

Mashine isiyosamehe

Mwaka 1928 Siti na wenzake walivuka bahari hadi Bombay, India, kurekodi santuri za kampuni ya His Master's Voice. Walikuwa miongoni mwa waimbaji wa kwanza kabisa wa Afrika Mashariki kurekodiwa.

Vijana wetu wanaorekodi kwa simu, kisha wanakata na kuunganisha, wajue ilivyokuwa siku zile. Upande mmoja wa santuri ulichukua dakika tatu au nne tu. Wimbo uliozoea kunyooshwa usiku kucha kulingana na furaha ya wasikilizaji ulilazimika kuanza, kukua na kuisha ndani ya muda huo. Sauti ilichongwa moja kwa moja kwenye sahani ya nta. Mpiga udi akikosea sekunde ya mwisho, hakuna kurekebisha kipande. Wote wanaanza upya. Kikundi ambacho hakijafanya mazoezi kingeaibika hapo.

Wao hawakuaibika. Santuri zao zilinunuliwa sana pwani na bara, na waliozoea kusikia santuri za Misri na India sasa walisikia Kiswahili. Muuza vyungu wa Fumba akawa anasikika katika nyumba ambazo mguu wake haukufika.

Aliendelea kuimba kwa miaka mingi. Fatuma binti Baraka, ambaye sisi sote tulimjua kama Bi Kidude hadi alipofariki mwaka 2013, alizijua nyimbo zake na kuzibeba hadi kizazi chetu. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Mwandishi Shaaban Robert aliandika maisha yake katika kitabu, Wasifu wa Siti binti Saad. Mwanamke ambaye hakuweza kuandika jina lake akaandikiwa kitabu na mmoja wa waandishi wakubwa wa Kiswahili.

Na sisi je?

Sasa turudi Satellite, na tuseme ukweli kama ndugu.

Katika miaka hii 25 tumezoea kusema kwamba kuimba ni kipawa. Fulani amejaliwa, fulani hakujaliwa. Maneno hayo yana ukweli, lakini tumeyatumia vibaya. Aliyejaliwa huja mazoezi akichelewa, kwa sababu anaweza. Asiyejaliwa hukaa mstari wa nyuma akifungua mdomo polepole, kwa sababu haamini kwamba anaweza kujifunza. Na mazoezi yenyewe mara nyingi yamekuwa kuimba wimbo tunaoujua, kutoka mwanzo hadi mwisho, mara tatu, kisha maombi ya kufunga.

Mwaka jana mmoja wetu alituchukua kwa simu tukiimba bila kinanda. Tulipokuwa tukiimba tulijiona kama malaika. Tulipoisikiliza baadaye, tena tukiwa na kinanda mkononi, tukagundua kwamba tulianza kwenye ufunguo mmoja na kumaliza chini yake kwa zaidi ya nusu sauti. Tena hatukushuka taratibu. Tulishuka mahali pawili tu: tena waliporuka kwenda noti ya juu, na alto waliposhikilia noti ndefu bila pumzi ya kutosha. Miaka yote tuliurudia wimbo mzima, kumbe ugonjwa ulikuwa katika vipande viwili vidogo.

Wiki zilizofuata tulifanya vipande hivyo peke yake, polepole, kwa solfa, kila sauti mbele ya wenzake. Haikupendeza. Wengine waliona haya, na wawili walikasirika. Lakini wimbo ule ndio tutakaoufungua nao leo, na tukimaliza, mpiga kinanda atabonyeza ufunguo tuliouanzia ili kanisa lote lisikie kama tumebaki pale pale.

Hatuahidi kwamba tutabaki. Tunaahidi kwamba tumefanyia kazi.

Kwa hiyo tunaliomba kanisa jambo moja na kwaya mambo matatu. Kanisa, msitusifu tu; anayesikia kosa na amwambie mwalimu wa kwaya kwa upendo. Wanakwaya, kuanzia Jumamosi ijayo kila sauti ikutane peke yake nusu saa kabla ya wote kuungana. Tuchague kila wiki kipande kile tusichokiweza, tukiache kile tunachokipenda. Na tujirekodi, tujisikilize, hata kama inauma. Mlango uko wazi pia kwa wale walioambiwa utotoni kwamba hawana sauti. Siti alianza kufundishwa akiwa na miaka thelathini, na katikati yetu kuna mzee mmoja aliyejifunza kusoma solfa baada ya kustaafu. Leo ndiye anayewashikilia besi.

Tunamshukuru Mungu kwa miaka 25, kwa waliotutangulia, na kwa kila mwalimu aliyetusimamisha katikati ya ubeti na kutuambia turudie. Karibuni tusimame kwa wimbo wa ufunguzi.